Kabla ya kuongeza mega: historia fupi ya video isiyokwama nyumbani



Leo tuongee juu ya kale kaduara kanakozunguka katikati ya kioo. Kila mmoja wetu anakajua. Mechi iko dakika ya 88, ao mwalimu wa kozi ya mtandaoni anafika kwenye hesabu yenyewe, na picha inasimama. Nyumbani wote wanasema neno moja: "Konexio iko mbaya." Kisha hesabu ya feza inaanza. Tuongeze mega? Tubadilishe kampuni? Tupande kwenye malipo ya juu?

Mimi nilisoma agronomia, si telekom. Lakini kwetu shambani, mpunga ukikauka, hatuanzi kwa kuulaumu mto. Tunafuata maji toka mtoni mpaka kwenye mzizi na kuuliza yanapotea fasi gani. Mara nyingi mto uko na maji ya kutosha, ila mfereji umepasuka mita 20 kabla ya shamba. Njo maana nilianza kusoma historia ya hii kitu: video ilifikaje kupita hewani, ndani ya nyumba, mpaka kwenye tele, bila waya? Nilifikiri nitakuta hadithi ya mabomba yanayozidi kuwa makubwa kila mwaka. Nilikuta hadithi ya watu wenye kidogo, waliojifunza kugawana. Na hiyo hadithi, ukiisoma vizuri, inaweza kukuokolea feza ya mwezi huu.

1. Visiwa vya Hawaii: wote wanasema kwa pamoja

Tuanze mwaka wa 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Profesa Norman Abramson na wenzake walikuwa na kompyuta moja kubwa, na watu wa kuitumia walisambaa kwenye visiwa. Laini za simu zilikuwa ghali na hazikuaminika. Wakasema: tutumie redio. Mtandao wao uliitwa ALOHAnet, na ulianza kazi mwezi wa 6 mwaka huo. Mwendo wake ulikuwa biti 9,600 kwa sekunde. Leo picha moja ya WhatsApp ingechukua dakika nzima na zaidi kupita pale.

Shida haikuwa mwendo tu. Redio iko kama chumba kimoja: watu wawili wakisema pamoja, hakuna anayesikika. Nani ampe nani zamu, kama wako mbali na hawaonani? Jibu la Abramson lilikuwa jepesi ajabu. Uko na ujumbe? Tuma. Kama hukupata jibu kwamba umefika, basi umegongana na mwingine. Ngoja muda kidogo, muda wa kubahatisha, kisha tuma tena. Kwa sababu kila mmoja anangoja muda wake tofauti, mara ya pili hamtagongana kirahisi.

Abramson alipiga hesabu na kuona kwamba kwa njia hiyo hewa inaweza kutumika vizuri kwa asilimia 18 tu, hata siku nzuri kabisa. Zaidi ya hapo, migongano inakula kila kitu. Ni kama soko bila mpangilio: wauzaji wakiongezeka kupita kiasi, hata yule aliyekuwa anauza haonekani tena.

Lakini asilimia 18 ya kitu ni bora kuliko asilimia 100 ya kutokuwa nacho. Kijana mmoja wa Marekani, Robert Metcalfe, alisoma kazi hiyo, akaongeza adabu kidogo: sikiliza kwanza kabla ya kusema. Mwaka wa 1973, kwenye maabara ya Xerox huko California, wazo hilo likawa mwanzo wa Ethernet, ile kebo inayochomekwa nyuma ya ruta mpaka leo. Na Wi-Fi nayo ilirudi kuchukua adabu ileile: kila kifaa kinasikiliza, kinangoja hewa itulie, kinangoja tena muda wa kubahatisha, kisha kinatuma. Simu yako inafanya hivyo mara nyingi sana katika kila sekunde ya mechi unayotazama.

Shikeni hilo neno: zamu. Litarudi.

2. Masafa ya takataka

Masafa ya redio ni mali ya serikali, sawa na ardhi. Huwezi kulima popote. Lakini kulikuwa na vipande vya masafa ambavyo wakubwa hawakuvitaka, kwa sababu vilijaa kelele za mashine za viwandani na za oveni za mikrowevu. Oveni ya mikrowevu inafanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Nani angependa kuweka redio yake pale?

Mhandisi mmoja wa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, jina lake Michael Marcus, aliona kinyume. Tarehe 9 Mei 1985, baada ya kazi yake ya miaka kadhaa, tume ile ilifungua vipande vitatu vya masafa ya aina hiyo kwa mtu yeyote, bila leseni, mradi atumie nguvu ndogo na avumilie kelele za wengine. Watu wa agronomia wataelewa haraka. Ni ile ardhi ya kando ya barabara ambayo hakuna chifu aliyeidai. Wa kwanza kuilima wanakuwa masikini, na siku moja unakuta pale njo kuko soko kubwa kuliko yote.

Waliolima mapema pale walikuwa watu wa mashine za kuhesabia feza dukani. Kampuni ya NCR ilitaka mashine zake ziongee na kompyuta bila kuvuta waya kila wakati duka linapopangwa upya. Wahandisi wake wa Uholanzi walitengeneza mfumo wa redio, na mmoja wao, Vic Hayes, akaongoza kwa miaka 10 kamati iliyoandika kanuni moja kwa makampuni yote. Kanuni hiyo, 802.11, ilitoka mwaka wa 1997, na mwendo wa megabiti 1 ao 2 kwa sekunde. Mwaka wa 1999 ikapanda mpaka 11, na makampuni yakaungana na kuipa jina la biashara: Wi-Fi.

Munaona lakini urithi uliobaki. Kipande cha gigahezi 2.4 mpaka leo ni cha wote. Ruta yako, ya jirani, spika ya Bluetooth, oveni ya mikrowevu ya hoteli ya pembeni, vyote viko mle. Na katika kipande hicho chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Jengo likiwa na ruta 15, hesabu munaifanya wenyewe.

3. Mwangwi ndani ya chumba

Kuongeza mwendo kulikwama kwenye ukuta, na hapa nasema ukuta wa kweli. Ndani ya nyumba mawimbi ya redio hayafiki kwa njia moja. Moja linakuja moja kwa moja, lingine linagonga ukuta, lingine linagonga bati, kabati, hata mtu. Yote yanafika kwenye antena yakiwa yamechelewa tofauti. Ni kama kusikiliza mhubiri katika kanisa kubwa tupu: akisema polepole unaelewa, akisema haraka, mwangwi wa neno la kwanza unafunika neno la pili.

Jibu moja kubwa lilitoka kwa watu waliokuwa wanatafuta kitu kingine kabisa. John O'Sullivan, mhandisi wa Australia, katika miaka ya 1970 alikuwa anatafuta angani ishara za redio za mashimo meusi madogo yanayolipuka, wazo la Stephen Hawking. Hakuyapata. Lakini ili kuyatafuta alilazimika kujua hesabu za kusafisha ishara iliyotawanyika njiani. Miaka ya 1990 ilipofika, yeye na wenzake wa taasisi ya utafiti ya Australia, CSIRO, walitumia ujuzi huo kwa mwangwi wa ofisini. Hati yao ya uvumbuzi ilitolewa Marekani mwezi wa kwanza 1996. Baadaye makampuni makubwa ya kompyuta yaliilipa CSIRO mamilioni ya dola baada ya kesi ndefu.

Wazo lenyewe mkulima yeyote wa bonde la Ruzizi angelipenda. Usipitishe maji yote kwa kasi katika mfereji mmoja. Yagawe katika mifereji mingi midogo, kila mmoja ukienda polepole, sambamba. Kwa kuwa kila mfereji unaenda polepole, mwangwi hauwahi kufunika neno linalofuata. Jumla yake lakini ni kubwa. Wi-Fi ya 802.11a, kanuni ya mwaka wa 1999, iligawa chaneli moja katika vijia 52, na mwendo ukafika megabiti 54. Mwaka wa 2009 kanuni ya 802.11n ikaongeza ujanja mwingine: antena nyingi, zinazofanya mwangwi uleule uliokuwa adui uwe rafiki, kwa kutuma maneno tofauti kwa njia tofauti kwa wakati mmoja.

Tahadhari moja: namba iliyoandikwa kwenye boksi ya ruta ni mwendo wa hewani, bila kutoa muda wa kusikiliza, kungoja na kurudia. Ile ya megabiti 54 ilitoa kwa kweli chini ya nusu. Anayenunua ruta kwa kusoma boksi peke yake ni kama anayenunua mbegu kwa kuangalia picha ya kwenye gunia.

4. Kubana picha

Sasa tupige hesabu ya video yenyewe. Picha ya 1080p iko na nukta 1,920 kwa 1,080. Kila nukta ni biti 24 za rangi. Picha 25 kwa sekunde. Zidisha: unapata biti zaidi ya bilioni 1.2 kwa kila sekunde. Nyumba nyingi za watu wa kawaida hazingeweza kupitisha hiyo kitu.

Lakini Netflix inashauri megabiti 5 kwa sekunde kwa picha hiyohiyo. Yaani video imebanwa karibu mara 250. Nani alifanya kazi hiyo? Wengi, lakini mmoja wao anastahili kujulikana na wanafunzi wetu. Nasir Ahmed, mzaliwa wa India, alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mwaka wa 1972 aliomba feza ya utafiti kwa shirika la sayansi la Marekani. Walikataa, wazo lake lilionekana jepesi mno. Akaendelea hivyohivyo, na mwaka wa 1974 yeye na wenzake wawili wakachapisha makala fupi juu ya hesabu inayotenganisha sehemu za picha ambazo jicho linazihitaji na zile ambazo halitazikosa. Hesabu hiyo iko ndani ya picha za JPEG na ndani ya familia kubwa ya video za leo. Wale munaongoja jibu la bourse, someni tena hiyo aya.

Ujanja wa pili ni wa mlinzi mvivu: usielezee kila kitu kila mara, sema kilichobadilika tu. Uwanja wa mpira haubadiliki kati ya picha moja na nyingine. Mpira na wachezaji njo wanasogea. Kanuni ya H.264, iliyokubaliwa mwaka wa 2003, ilifanya ujanja huo vizuri kiasi kwamba video nzuri ikaanza kuingia kwenye bomba la mtu wa kawaida.

Kuna bei yake. Picha iliyobanwa hivyo inategemea ile iliyotangulia. Pakiti moja ikipotea hewani, kosa linatembea, unaona uso wa mchezaji umegeuka vipande vya rangi. Kwa hiyo swali lilibaki: upoteze, ao urudie na kuchelewa?

5. Kukata vipande

Video za kwanza mtandaoni zilikuwa michezo ya watafiti. Kwenye Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1991 watafiti waliweka kamera mbele ya mashine ya kahawa, ili mtu asipande ngazi bure na kukuta birika tupu. Mwaka wa 1993 picha hiyo iliwekwa kwenye intaneti na dunia nzima ikaanza kutazama birika. Mwaka huohuo, mwezi wa 6, bendi ya wahandisi iitwayo Severe Tire Damage ilirusha muziki wake moja kwa moja kutoka Xerox, picha ndogo yenye kurukaruka. Mwaka wa 1995 ikaja programu ya RealAudio, na watu wakaanza kusikiliza redio kwa modemu ya simu.

Njia ya wakati ule ilikuwa: seva inasukuma, wewe unapokea. Ilihitaji seva za pekee, na njia ikibanana, seva haikujua haraka. YouTube, mwaka wa 2005, ilichukua njia nyingine: video ni faili, unalipakua huku unatazama. Njo kule tulizoea kubonyeza "simama" na kuacha ule mstari wa kijivu ujae kwanza. Netflix ilianza kuonyesha filamu mtandaoni mwezi wa kwanza 2007, BBC ikafungua iPlayer kwa wote Disemba ya mwaka huo. Watu wakazoea, na kaduara kakazaliwa kwa kweli.

Mapinduzi yalikuja kati ya 2008 na 2012, kimyakimya. Microsoft kwanza, kisha Apple mwaka wa 2009, kisha kanuni ya wote iitwayo MPEG-DASH mwaka wa 2012, na mbele yao kampuni ndogo zilizofungua njia. Wazo: kata video yote katika vipande vya sekunde chache. Kila kipande kitengeneze mara nyingi, kizito, cha kati, chepesi. Kisha iachie simu ao tele ya mtazamaji iamue. Inachukua kipande kimoja, inapima kilifika kwa muda gani, inaangalia akiba iliyobaki, kisha inachagua kipande kinachofuata kiwe kizito ao chepesi.

Angalieni nini kimebadilika hapo. Uamuzi umetoka kwa mkubwa aliye mbali, ukaenda kwa mdogo aliye karibu na shida. Seva ya mbali haijui kwamba mvua inanyesha Bukavu ao kwamba mdogo wako ameanza kupakua mchezo. Simu yako inajua. Na akiba ile ya sekunde 20 ao 30 ni tanki la maji juu ya nyumba: maji ya bomba yakatike dakika moja, jikoni hakuna atakayejua.

6. Yule wa chumba cha nyuma

Sasa tuko na hewa ya kugawana, video iliyobanwa, vipande na akiba. Juu ya nini basi bado inakwama?

Mwaka wa 2003, Martin Heusse na wenzake watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha kitu cha ajabu. Wi-Fi inagawa zamu sawa kwa kila kifaa. Zamu, si dakika. Aliye karibu na ruta anatuma pakiti yake haraka na kuachia nafasi. Aliye mbali, nyuma ya kuta, analazimika kusema polepole ili asikike, kwa hiyo pakiti ileile inachukua hewa mara nyingi zaidi. Wote wengine wanangoja. Walionyesha kwamba kifaa kimoja cha megabiti 1 kinaweza kuvuta vyote vya megabiti 11 chini, karibu na mwendo wake. Usawa wa zamu umezaa umasikini wa wote.

Nilielewa makala hiyo kwa nyumba tunayokodi. Tuko watano, konexio moja, tunachanga. Dada mmoja aliyemaliza sheria anakaa chumba cha nyuma. Alikuwa anafuata mafunzo ya video kila jioni, na mtihani wake ulikuwa unakaribia. Kila akianza, tele ya sebuleni inakwama. Wandugu wakasema anakula mega za wote, atoke kwenye mchango, atafute yake. Mwingine akasema tuongeze malipo tu. Mimi niliomba tupime kwanza. Kwa kebo, pale kwenye ruta, tulipata megabiti 8. Kwenye chumba cha nyuma, ukuta wa matofali mbili na bati la jikoni katikati, tulipata 1 na kidogo. Video yake yenyewe ilikuwa inaomba chini ya hiyo. Hakuwa anakula sana. Alikuwa anasema polepole, kwa sababu ruta ilikuwa chini sakafuni, nyuma ya kabati la chuma, na si yeye aliyeiweka pale.

Tulipandisha ruta ukutani kwenye koridori, na tele ya sebuleni tukaivutia kebo ili itoke kabisa hewani. Gharama yake ilikuwa kebo na misumari. Mchango wa mwezi haukupanda hata franga moja, na dada hakutoka.

Kuna adui wa pili, na yeye alikamatwa nyumbani kwa mtu. Mwaka wa 2010, Jim Gettys, mhandisi wa Bell Labs, alikuwa anatuma mafaili makubwa kutoka kwake. Wakati huo intaneti ya nyumba nzima ikawa haiguswi. Alichunguza na kukuta ruta na modemu zimejaa ghala kubwa mno. Pakiti zinapanga mstari mrefu, na pakiti ndogo yenye haraka inakaa nyuma ya lori la mafaili. Akaita ugonjwa huo kwa jina, na mwaka wa 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa dawa: usipime mstari kwa urefu, pima kwa muda ambao pakiti imengoja, ukizidi, punguza. Miaka michache baadaye dawa ya aina hiyo, pamoja na kugawa hewa kwa dakika badala ya zamu, ikaingia kwenye Wi-Fi ya Linux. Yaani lile kosa la Grenoble lilipata jibu baada ya zaidi ya miaka 10. Ruta nyingi za bei ndogo sokoni lakini bado hazina dawa hiyo.

7. Na mto wenyewe?

Sitaki mtu aseme kwamba nawatetea makampuni. Mara ingine shida iko kweli nje. Nchi yetu ilipata kebo ya WACS kule Muanda mwaka wa 2013, nyuma ya majirani wengi. Na mwezi wa kwanza 2020 mto wetu wenyewe uliikata: tope lililoteremka katika korongo la Kongo chini ya bahari lilitembea zaidi ya kilomita 1,100 na kukata kebo njiani. Sisi wa mashariki tunategemea pia nyuzi zinazopita kwa majirani kuelekea Bahari ya Hindi. Pale hakuna cha kufanya na nyundo na misumari.

Ila lazima tujue tofauti, juu ya feza. Video ya megabiti 5 inakula gigabaiti 2 na robo kwa saa. Ya megabiti 1, yenye kutosha kabisa kwa kozi kwenye simu, inakula megabaiti 450. Kwa mwanafunzi anayenunua mega kwa siku, hiyo ni tofauti kati ya kumaliza somo na kuliacha katikati.

Basi, kabla ya kulipa zaidi, fuateni maji toka mtoni mpaka kwenye mzizi:

Pima kwa kebo ao ukisimama karibu kabisa na ruta, kisha pima fasi unapotazama. Kama karibu iko vizuri na mbali iko vibaya, shida ni yako, na dawa yake ni bei ndogo. Kama hata karibu iko vibaya saa zote, shika hizo namba na saa zake, nenda ofisini kwa kampuni. Mteja mwenye namba hajibiwi sawa na mteja mwenye hasira.

Ruta iwe juu, katikati ya nyumba, mbali na chuma, bati na tanki la maji. Kisichotembea, kama tele, kipe kebo. Ukikaa karibu, tumia gigahezi 5. Ukikaa mbali, 2.4, na uchague chaneli kati ya 1, 6 na 11 ambayo majirani hawajaijaza.

Punguza ubora wa picha kwa mkono. Kioo cha simu hakihitaji 1080p. Na mafaili makubwa yapakueni usiku, wengine wakilala. Hiyo ni akiba ya zamani kuliko zote.

Na muhimu kuliko yote, kwa wale tunaoishi wengi kwenye konexio moja: kabla ya kumtoa mtu kwenye mchango, pimeni anakaa fasi gani. Toka Hawaii mpaka Grenoble, kila hatua ya historia hii ilikuja pale mtu alipoacha kuuliza "nani anatumaliza?" akauliza "tunagawana namna gani?" Wenzetu wa telekom na informatike, mutusahihishe na kuongeza. Na wengine mutuambie: kwenu mfereji umepasuka fasi gani?